Gemu Lina Alama 97, Mbona Linachosha?

Red Dead Redemption 2 la mwaka 2018 na The Legend of Zelda: Breath of the Wild la mwaka 2017 yote mawili yana alama 97 kati ya 100 kwenye Metacritic. Yote mawili pia hayakosi watu walioyanunua, wakacheza saa kumi hivi, wakaachana nayo. Mtu wa namna hiyo akisema hadharani kwamba gemu ni bovu, hujibiwa kwamba hajui kucheza au anatafuta kiki. Ni nadra kuulizwa swali lenye faida: ni kitu gani hasa ndani ya gemu kilichomshinda?

Alama yenyewe haimsaidii kujibu. Metacritic hukusanya tahakiki, huzigeuza zote ziwe kwenye mizani ya 100, kisha hutoa wastani ambao baadhi ya vyombo vina uzito zaidi ya vingine. Ndani ya namba hiyo moja kuna hadithi, muziki, ukubwa wa ramani, uzito wa vitufe na kanuni za mapigano, na hakuna anayeweza kuvitenganisha tena. Mhakiki aliyevutiwa na machweo ya New Hanover, jimbo la kubuni la Red Dead Redemption 2, na yule aliyevutiwa na uigizaji wa sauti wameingia kapu moja, na aliyekerwa na pedi ameshusha pointi chache tu.

Lawama nazo huja zimechanganyika vivyo hivyo. Ukizichambua unapata aina tatu. Ya kwanza inatokana na kifaa: TV, pedi, idadi ya fremu kwa sekunde. Hiyo inapimika na mara nyingi inatibika. Ya pili inatokana na kanuni za gemu lenyewe, na hapo kalamu na karatasi vinatosha kuonyesha kama mlalamikaji ana hoja. Ya tatu ni ladha, na juu yake hakuna la kubishana. Makosa huanza pale lawama ya aina moja inapojibiwa kana kwamba ni ya aina nyingine.

Arthur Morgan na mguu mzito

Lawama kubwa dhidi ya Red Dead Redemption 2 ni kwamba Arthur, mhusika unayemwongoza, anachelewa. Unasukuma kijiti, yeye kwanza anahamisha uzito, anakanyaga, anageuza bega, ndipo anaondoka. Hapa kuna ucheleweshaji wa aina mbili ambao watu huuita kwa jina moja.

Wa kwanza ni wa mitambo. Kwenye PS4 na Xbox One gemu lilitoka likiwa na fremu 30 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde 33.3 kwenye kioo. Kwa fremu 60 ingekaa 16.7. Ukibonyeza kitufe, amri inapita kwenye pedi, inasomwa na gemu, picha inachorwa, kisha TV inaisafisha kabla ya kuionyesha. Hatua hiyo ya mwisho, TV ikiwa kwenye mpangilio wa filamu, inaweza kuongeza makumi ya milisekunde peke yake. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu yeyote, ingia kwenye mipangilio ya TV uwashe hali inayoandikwa Game Mode. Kisha fanya jaribio hili: fungua menyu ya gemu, upandishe na kushusha chaguo haraka haraka. Menyu ikijibu papo hapo huku Arthur akiendelea kujikokota, TV haina kosa.

Wa pili ni wa makusudi. Rockstar, waundaji wa gemu, waliamua kwamba mwendo wa mwili ukamilike kwanza, amri ya mchezaji ifuate. Ndiyo maana hata kwenye kompyuta, ambako gemu lilifika Novemba 2019 na linaweza kuvuka fremu 60, Arthur bado ni mzito. Hakuna mpangilio unaoondoa hilo kabisa. Unaloweza kufanya ni kupunguza kero pembeni: kwenye mipangilio ya vidhibiti, weka kukimbia kuwe kwa kubonyeza mara moja badala ya kugongagonga kitufe, na punguza ile sehemu ya katikati ya kijiti ambayo ukiisogeza gemu halijibu chochote. Kulenga kutakuwa kwepesi zaidi. Kutembea hakutabadilika sana.

Kuna kosa jingine la vitufe ambalo hata mashabiki hulikiri. Kwenye PlayStation, L2 ndiyo humfanya Arthur amtazame mtu ili amsalimie au amchokoze. Akiwa na bastola mkononi, L2 hiyohiyo humlenga mtu huyo. Mchezaji aliyetoka kuwinda, akasahau kurudisha silaha, anaingia mjini Valentine, anabonyeza L2 ili amsalimie muuza duka, na papo hapo mjini kuna kesi. Tiba ni kujizoesha kugonga L1 mara moja ili silaha irudi kiunoni kila unapoona nyumba. Lakini kitufe kimoja kubeba kazi mbili zinazopingana, moja ya amani na nyingine ya kuua, ni udhaifu wa ubunifu, na uzuri wa machweo hauufuti.

Kuhusu bunduki ndefu, wageni wengi hulalamika kwamba "zinapotea". Hazipotei. Arthur akipanda farasi huzirudisha kwenye tandiko, na akishuka anaweza kuziacha huko. Kabla ya kushuka, shikilia L1, chagua bunduki unayoitaka, ndipo ushuke. Ukisahau, na farasi akakimbia kwa milio ya risasi, utapigana na bastola.

Wepesi wa kusafiri nao umefichwa. Safari za haraka zipo, ila ni lazima ulipie kwenye daftari la kambi katika sura ya pili: kwanza makazi ya Dutch, kiongozi wa genge, kwa dola 220, kisha ya Arthur mwenyewe kwa dola 325. Hapo ndipo ramani inatokea kwenye makazi yake. Gemu haliyasemi haya kwa uwazi, na kuna watu wamemaliza hadithi nzima kwa mgongo wa farasi bila kujua. Kabla ya hapo kuna treni na magari ya farasi ya abiria, au weka alama kwenye ramani, washa kamera ya sinema, na farasi atafuata njia mwenyewe.

Lawama nzito zaidi, na hapa walalamikaji wana hoja kamili, ni misheni. Nje ya misheni gemu hili ni huru kuliko karibu yote ya aina yake: unaweza kuiba treni kwa kumtishia dereva, kwa kuruka kutoka juu ya farasi, au kwa kupanda tangu stesheni kama abiria. Ukiingia kwenye misheni, uhuru huo unazimwa. Unafuata alama ya njano. Ukizunguka nyuma ya nyumba ambayo gemu lilitaka uingie kwa mbele, unaonywa. Ukiendelea, misheni imeshindikana. Sababu inaeleweka. Misheni zimejaa mazungumzo yaliyopangwa kwa umbali wa safari, na wahusika kadhaa lazima wawe mahali fulani kwa wakati fulani ili tukio litokee. Kila mlango wa nyuma ungehitaji mazungumzo mengine kurekodiwa. Rockstar walichagua tamthilia. Basi anayesema "misheni zake ni za kizamani" hasemi kwamba gemu zima ni baya. Anasema kuna magemu mawili kwenye diski, na moja linambana mwenzake.

Na diski zenyewe ni mbili kwenye PS4. Kwenye kompyuta gemu linataka gigabaiti 150 za nafasi. Kwa anayepakua kwa bando la simu Dar au Mombasa, au anayecheza kwa kulipia saa kwenye kibanda cha gemu, zile saa mbili za theluji mwanzoni zina gharama ambayo mhakiki wa New York hakuihesabu. Hiyo nayo ni hoja, japo ni vigumu kuiweka kwenye alama.

The Witcher 3: Wild Hunt la mwaka 2015 lilipata lawama ya aina hiyohiyo: Geralt, mhusika wake mkuu, alikuwa na mwendo wa kuteleza, akipita mlango mara mbili kabla ya kuuingia. Mashabiki walisema watu wazoee. Waundaji wake, CD Projekt Red, wakatoa sasisho la 1.07 mwaka huohuo lenye chaguo la mwendo mbadala kwenye menyu. Washa hilo kabla hujaanza kutembea White Orchard, eneo la mwanzo.

Panga zinazovunjika

Breath of the Wild lina lawama moja inayozidi nyingine zote: silaha zinavunjika. Upanga, mkuki, upinde, ngao, vyote. Wanaolipenda gemu husema utazoea, wasiolipenda husema ni upuuzi. Hesabu inaonyesha kitu ambacho pande zote mbili huwa hazikisemi.

Kila silaha ina namba mbili: nguvu ya pigo, ambayo unaiona, na uimara, ambao umefichwa. Traveler's Sword ya mwanzoni ina nguvu 5 na uimara 20, yaani mapigo 20 kabla ya kuvunjika. Bokoblin mwekundu, adui wa kawaida kabisa, ana uhai 13, anakufa kwa mapigo matatu. Upanga mmoja unatosha kwa sita. Hapo hakuna shida yoyote, maana hao sita wataangusha silaha zaidi ya moja. Bokoblin wa bluu ana uhai 72: mapigo 15, na upanga unabaki na matano. Mweusi ana 240. Wa fedha ana 720.

Sasa chukua Knight's Broadsword, silaha nzuri ya katikati ya gemu: nguvu 26, uimara 27. Zidisha, unapata 702. Pigo la mwisho, lile linalovunja upanga, huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo jumla inafika 728. Bokoblin mmoja wa fedha, 720. Upanga wote mzuri umeisha kwa adui mmoja wa kawaida, ukimpiga kwa mapigo ya kawaida tu, na alichokuachia huenda kisifikie ulichovunja. Mchezaji anapoanza kuzikwepa kambi na kupita kando, hajawa mwoga. Amepiga hesabu, akaona ni hasara.

Tatizo halianzi mwanzoni, na ndiyo maana mabishano hayaishi. Anayelisifu anakumbuka saa zake kumi za kwanza, anayelilaumu anazungumzia saa ya hamsini. Gemu huhesabu kimyakimya maadui uliowaua, na kadiri hesabu inavyopanda, wekundu wanageuka bluu, bluu weusi, hadi fedha. Silaha zinazopatikana nazo zinapanda daraja, ila uhai wa maadui unapanda kwa kasi zaidi. Royal Broadsword, yenye nguvu 36 na uimara 36, inamuua wa fedha kwa mapigo 20 na kubaki na 16. Nafuu ipo, lakini kambi yenye watatu wa aina hiyo bado itakula panga mbili.

Kuna kero ya pili ndani ya hiyo: zawadi. Unatatua fumbo, unafungua sanduku, ndani kuna silaha, na mfuko umejaa. Unaanza na nafasi nane za silaha za mkononi. Kuziongeza kunahitaji mbegu za Korok, zilizofichwa kila mahali, unazompa mhusika aitwaye Hestu: ya kwanza inagharimu mbegu 1, kisha 2, 3, 5, 8, na kuendelea hadi 55 kwa nafasi ya mwisho. Nafasi zote za silaha za mkononi zinahitaji mbegu 208. Ulimwenguni ziko 900, na za kutosha kujaza kila kitu pamoja na pinde na ngao ni 441, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba lazima uokote zote.

Je, kanuni hiyo iondolewe? Hapa ndipo wanaolalamika hukosea. Gemu hili linakuruhusu uende popote dakika tu baada ya kushuka kutoka Great Plateau, eneo la mwanzo, pamoja na Hyrule Castle ambako silaha za kifalme zimetapakaa sakafuni. Mtu mwenye subira anaweza kuingia humo mapema akatoka na upanga wenye nguvu 36. Kama haungevunjika, kila sanduku lingine ulimwenguni lingekuwa takataka tangu saa ya tatu. Kuvunjika ndiko kunakowawezesha Nintendo kuweka kitu cha thamani kila kona bila kufunga mlango wowote. Lawama iliyo sahihi ni nyembamba zaidi: uimara ni sawa, uwiano wake na uhai wa maadui wa mwishoni ndio mbovu.

Ukitaka kuendelea kucheza bila kuumia, zipo njia ambazo gemu limeziacha wazi. Mabomu ya Sheikah Slate, kile kifaa unachobeba, hayaishi. Kwa madini na miti, tumia hayo, usiguse upanga. Kwa Magnesis, uwezo wa kuinua vitu vya chuma, boksi la chuma lililobebwa juu na kuangushwa kichwani mwa adui linaua bila kuharibu chochote. Ukimnyemelea adui kwa nyuma, pigo moja lina nguvu mara nane: Knight's Broadsword inatoa 208 kwa kutumia pigo moja kati ya 27. Ukimpanda Lynel, adui mkali mwenye mwili kama wa farasi, mgongoni, mapigo yote unayompiga ukiwa juu hayapunguzi uimara hata kidogo, basi panda na silaha yako kali kuliko zote. Silaha ikianza kuonya kwamba imechakaa, irushe: ikivunjikia mwilini mwa adui, pigo linakuwa mara mbili.

Master Sword, upanga maarufu wa gemu hili, haivunjiki, inaishiwa nguvu baada ya matumizi 40 na kuhitaji dakika 10 kupumzika. Ili uichomoe unatakiwa kuwa na mioyo 13, na unaanza na mitatu. Divine Beasts wanne, mashine kubwa za hadithi kuu, wanatoa moyo mmoja kila mmoja. Sita inayobaki inatoka kwenye mahekalu madogo, kila moyo mahekalu manne, jumla 24. Nguvu yake ni 30, na inapanda hadi 60 ikiwa karibu na mashine ziitwazo Guardians au uchafu wa Ganon, adui mkuu.

Tears of the Kingdom la mwaka 2023, mwendelezo wake, halikuondoa kuvunjika. Lilileta kuunganisha: pembe ya adui unaibandika kwenye fimbo, nguvu inapanda, na uimara unaongezeka kwa 25. Adui mgumu sasa anakuachia pembe yenye thamani kuliko upanga uliomuulia. Uwiano ule ulirekebishwa.

Majambazi wa kioo

The Elder Scrolls IV: Oblivion la mwaka 2006 ndilo somo zuri la lawama ambayo mchezaji anaihisi lakini hawezi kuieleza. Anasema: "Ninavyopanda daraja, ndivyo ninavyozidi kuwa dhaifu." Inasikika kama upuuzi, lakini ni kweli tupu.

Daraja linapanda baada ya ujuzi wako saba mkuu, ule uliouchagua mwanzoni, kuongezeka jumla mara 10, kisha ukalala kitandani. Ukiamka unachagua sifa tatu za kuongeza, na kila moja inaongezeka kulingana na mara ngapi ujuzi ulio chini yake uliongezeka tangu daraja lililopita: hakuna ongezeko: +1; mara 1 hadi 4: +2; mara 5 hadi 7: +3; mara 8 au 9: +4; mara 10: +5. Maadui wote wanapanda pamoja nawe bila kujali umepata ngapi. Mchezaji aliyeweka Athletics (ujuzi wa kukimbia) kuwa ujuzi mkuu anapanda daraja kwa kukimbia tu barabarani, upanga wake ukiwa palepale. Mbaya zaidi ni Endurance, sifa ya ustahimilivu: kila daraja unapata uhai sawa na sehemu ya kumi ya Endurance uliyonayo wakati huo, na ukiiongeza baadaye gemu halirudi nyuma kukufidia madaraja yaliyopita. Aliyeichelewesha amepunguziwa uhai moja kwa moja.

Matokeo yake yanachekesha. Jambazi wa barabarani amevaa vazi la kioo la thamani ya nyumba, na bado anakusimamisha akitaka sarafu 100.

Tiba katika gemu la awali ni kinyume cha silika: weka ujuzi unaoutumia sana uwe mdogo, na ule unaoweza kuuongeza kwa hiari yako uwe mkuu, kisha hesabu kwa daftari. Ongeza Endurance kila daraja hadi ifike 100. Oblivion Remastered la Aprili 2025 liliifuta hesabu hiyo: unapewa pointi 12 kila daraja, unazigawa kwa sifa zisizozidi tatu, zisizidi 5 kwa sifa moja, na ujuzi mdogo nao unachangia. Kanuni ya maadui kupanda pamoja nawe ilibaki palepale.

Bosi anayejihurumia

Dark Souls la mwaka 2011 lilipewa tuzo ya gemu bora la nyakati zote kwenye Golden Joystick mwaka 2021. Kusema nusu yake ya pili haikuiva ni njia ya haraka ya kutukanwa. Ushahidi umo ndani ya gemu lenyewe, kwa bosi aitwaye Bed of Chaos, huko Lost Izalith.

Una kazi tatu: vunja mpira wa kushoto, vunja wa kulia, kisha ruka kwenye shimo la katikati utue kwenye mizizi na umuue mdudu aliyejificha ndani kwa pigo moja. Ugumu wote ni sakafu inayobomoka na mikono inayofagia. Ustadi ulioujenga kwa saa arobaini, yaani kukwepa, kuzuia na kusoma mapigo, hauna kazi. Sasa angalia hili: kila bosi mwingine, ukifa, anarudi na uhai kamili. Huyu peke yake, mpira uliouvunja unabaki umevunjika. Ni kanuni ambayo gemu zima limejengwa juu yake, na imekunjwa kwa ajili ya pambano moja. Wajanja huvunja mpira mmoja, wakatoka hadi menyu kuu, wakarudi na kujikuta nje ya ukungu unaoziba mlango wa bosi bila hata kufa. Kisha wanavunja wa pili, wanafanya hivyohivyo, wanaingia kwa ajili ya kuruka tu.

Lile toleo la kompyuta la mwaka 2012, lililofungwa kwenye fremu 30, na eneo la Blighttown lililokuwa likikwama kwenye konsoli za zamani, vilirekebishwa na Dark Souls: Remastered la mwaka 2018 lenye fremu 60 (isipokuwa kwenye Switch). Bed of Chaos aliachwa kama alivyokuwa, na njia ya kutoka hadi menyu kuu bado inafanya kazi.